Kilichosogea ni hesabu, si muoni

Tarehe 3 Juni 2025 maabara ya Fermilab, iliyo nje kidogo ya jiji la Chicago, ilitangaza kipimo chake cha mwisho cha usumaku wa muoni, chembe ndogo jamaa ya elektroni, na habari ikazunguka dunia kwa sura moja: fizikia ya zamani imeshinda, matumaini ya kupata chembe mpya yamekufa. Miaka minne nyuma, Aprili 2021, maabara hiyohiyo ilipotoa kipimo chake cha kwanza, vichwa vya habari vilisema kinyume chake kabisa. Tuliambiwa muoni imevunja sheria za maumbile na kwamba kani ya tano, nje ya nne tunazozijua, iko mlangoni. Aliyezisoma habari zote mbili ana haki ya kujiuliza kama wataalamu walidanganyika mara ya kwanza au wanaficha jambo mara ya pili. Kijana mmoja wa kidato cha sita aliniuliza swali zito zaidi: kama nadharia imeshinda, yeye akasome fizikia ya nini?

Swali lake ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu limejengwa juu ya habari iliyosomwa vibaya. Ukiziweka namba mezani unaona jambo ambalo halikupewa nafasi mwaka 2021 wala 2025. Kipimo cha muoni hakijasogea kwa kiasi cha maana tangu mwanzoni mwa karne hii. Iliyosogea ni hesabu ya wananadharia, na ilisogea kutokana na mabishano ambayo hadi sasa hayajapata mwamuzi. Kwa hiyo Modeli Sanifu, nadharia inayoeleza chembe zote tunazozijua, haikuvunjwa 2021 na haikutawazwa 2025. Anayesema muoni imefunga mlango wa fizikia mpya anatoa hukumu juu ya shauri ambalo ushahidi wake mmoja bado unapingana na mwingine.

Muoni inafanana na elektroni karibu kwa kila kitu. Chaji ni ileile, spini ni ileile, ila uzito wake ni mara 207 ya ule wa elektroni, na maisha yake ni mafupi mno: wastani wa mikrosekunde 2.2, kisha inaoza. Carl Anderson na Seth Neddermeyer waliigundua mwaka 1936 walipokuwa wakichunguza miale itokayo angani, na tangu hapo tumejua kwamba muoni zinatunyeshea usiku na mchana. Kwenye usawa wa bahari hupita karibu moja kila dakika katika kila sentimita ya mraba. Ukinyoosha kiganja, inapita moja hivi kila sekunde bila wewe kuhisi lolote.

Kila muoni ni sumaku ndogo. Ukiiingiza kwenye uga wa sumaku, mhimili wake huyumba kwa mzunguko, kama pia ya mtoto inapoanza kuchoka. Kasi ya kuyumba huko inategemea namba moja inayoitwa g. Mwaka 1928 mlinganyo wa Paul Dirac ulitoa jibu safi: g ni 2 kamili. Lakini ombwe halikai tupu. Kwa mujibu wa nadharia ya kwanta, fotoni (chembe za mwanga), elektroni, kwaki (chembe zinazounda protoni) na chembe nyingine huibuka na kutoweka humo kwa muda mfupi usioweza kukamatwa, na kwa pamoja zinaisukuma g juu kidogo ya 2. Mwaka 1948 Julian Schwinger alikokotoa msukumo wa kwanza na mkubwa kuliko yote, akapata kwamba nusu ya kiasi kinachozidi 2 ni karibu 0.00116. Mabishano yote ya miaka hii yanahusu tarakimu zinazofuata baada ya hizo. Na sababu ya kuitumia muoni badala ya elektroni ni uzito: chembe nzito isiyojulikana, kama ipo, ingeiathiri muoni mara 43,000 hivi zaidi ya inavyoiathiri elektroni. Mtu anaweza kuona kivuli cha chembe ambayo hakuna mashine iliyowahi kuizalisha. Ndiyo maana kazi hii, iliyoanzia CERN, maabara ya chembe ya Ulaya, mwaka 1959, imewashika watu kwa vizazi vitatu.

Jaribio lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa uzito wa hoja yangu unategemea uimara wake. Kiini chake ni pete ya sumaku yenye kipenyo cha mita 14, iliyojengwa kwanza katika maabara ya Brookhaven, kisiwani Long Island. Mwaka 2013 koili zake za umemepitishi, yaani zinazopitisha umeme bila ukinzani, ambazo haziruhusiwi kupinda hata kwa milimita chache, zilipakiwa zikiwa nzima juu ya tishari, zikazungushwa Florida, zikapanda mito hadi jimbo la Illinois. Ndani ya pete hiyo muoni huzunguka kwa asilimia 99.94 ya kasi ya mwanga katika uga wa tesla 1.45. Kwa kasi hiyo saa yao inapungua mwendo, kama Einstein alivyosema, na maisha ya mikrosekunde 2.2 yanarefuka hadi 64. Bila hilo zingeoza kabla ya kupimwa vizuri. Muoni hizi ni za chaji chanya, na inapooza hutoa positroni, yaani elektroni ya chaji chanya; vigunduzi 24 vilivyopangwa upande wa ndani wa pete huziandika positroni hizo, muda na nishati yake. Kutokana na mawimbi ya idadi yao ndipo kasi ya kuyumba inapopatikana.

Kuna saa moja kuu inayopima yote hayo, na kasi halisi ya mapigo yake wachambuzi hawakuijua. Watu wawili wasiokuwa wanachama wa jaribio waliiharibu makusudi kwa kiasi kidogo, wakaandika namba ya kweli, wakaitia kwenye bahasha na kuifunga. Wanasayansi walichambua data kwa miaka bila kujua jibu lao liko karibu au mbali na nadharia. Bahasha ilifunguliwa pale tu walipokubaliana kwamba hakuna cha kusahihisha tena. Natamani kila anayetilia shaka uaminifu wa kazi hii angesimama kidogo kwenye jambo hilo, maana ni kinga dhidi ya udhaifu ambao sote tunao, wa kuacha kutafuta makosa mara tu jibu linapotupendeza.

Sasa namba, yaani ile nusu ya kiasi kinachozidi 2. Matokeo ya mwisho ya Brookhaven, mwaka 2006, yalikuwa 0.00116592089. Ya Fermilab, Juni 2025, ni 0.001165920705, yakiwa na shaka ya sehemu 127 katika bilioni, bora kuliko lengo walilojiwekea la 140. Takriban miaka 20 imepita, pete imehamishwa nusu ya bara, vigunduzi vimebadilishwa, walioanza kazi wengine wamestaafu, na jibu limebaki lilelile ndani ya mipaka ya kosa la kipimo. Upande wa nadharia, kikundi cha kimataifa cha wataalamu kilitoa mwaka 2020 hesabu ya pamoja: 0.00116591810. Kikundi hichohicho kilitoa hesabu mpya mwishoni mwa Mei 2025, wiki moja kabla ya tangazo la Fermilab: 0.00116592033. Nadharia imepanda zaidi ya mara kumi ya kiasi ambacho kipimo kimeshuka. Pengo ambalo mwaka 2023 lilikuwa limefika sigma tano, kiwango ambacho kwa kawaida kinatosha kutangaza ugunduzi, limezibwa kutoka upande mmoja tu.

Limezibwaje? Sehemu ya umeme na usumaku haikuwa tatizo; timu ya Toichiro Kinoshita ilishakokotoa hata michoro 12,672 ya ngazi ya juu kabisa inayohitajika. Tatizo ni ile kani ya nyuklia inayozifunga kwaki ndani ya protoni. Kwenye nishati ndogo kani hii ni kali kiasi kwamba hesabu za hatua kwa hatua zinavunjika, huwezi kuanza na kadirio na kulirekebisha taratibu. Zipo njia mbili za kuzunguka. Ya kwanza ni kuazima jibu kutoka kwenye majaribio mengine: unagonganisha elektroni na positroni, unapima ni mara ngapi zinazaa pioni, chembe nyepesi zilizoundwa na kwaki, na jamaa zake, na kutokana na hapo unapata mchango wa kwaki katika ombwe. Maabara za Frascati nchini Italia, California na Novosibirsk zimefanya kazi hiyo kwa miongo. Ya pili ni kukatakata nafasi na muda kuwa nukta zilizopangwa kwa gridi, kisha kuziachia kompyuta kubwa zitatue milinganyo ya kwaki moja kwa moja bila kuazima chochote.

Mwaka 2020 njia ya gridi ilikuwa bado na shaka kubwa, kwa hiyo wataalamu wakategemea njia ya kuazima. Lakini kundi moja la wakokotoaji wa gridi kutoka Budapest, Marseille na Wuppertal lilikuwa limeshaweka hadharani jibu lililokuwa juu zaidi, karibu na kipimo. Makala yao ilitoka katika jarida la Nature tarehe 7 Aprili 2021, siku ileile Fermilab ilipotangaza. Dunia nzima ikaandika habari ya kani ya tano. Makala ile ilipata nafasi ndogo. Kisha mwaka 2023 jaribio la CMD-3 la Novosibirsk likapima upya uzalishaji wa pioni na kupata idadi kubwa kuliko majaribio yote yaliyotangulia, likiwemo lililofanyika hapohapo kwao. Njia ya kuazima ikajikuta na mashahidi wanaopingana. Makundi mengine ya gridi nayo yakaanza kutoa majibu yanayokubaliana na lile la kwanza. Mei 2025 wataalamu wakaamua: hesabu rasmi itumie gridi, data za kuazima ziwekwe kando hadi mgongano wao ueleweke.

Hapo ndipo hoja zinapogawanyika. Iliyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosambaa kwa kasi, inasema wananadharia waliona kipimo kimewakataa, wakaipika hesabu upya mpaka ikakubali. Madai hayo hayasimami mbele ya kalenda. Jibu la gridi lilikuwa hadharani karibu mwaka mmoja kabla bahasha ya Fermilab haijafunguliwa. Makundi yaliyofuata, baadhi yao, yaliyaficha majibu yao kwa makusudi kwa mbinu inayofanana na ile ya saa, na yanatumia gridi za namna tofauti, programu tofauti na hata njia tofauti za kuweka kwaki kwenye nukta. Kupika hesabu kungehitaji watu wanaoshindana kukubaliana juu ya kosa moja bila kuambizana. Na kama lengo lingekuwa kuilinda nadharia, wasingechapisha mwaka 2020 hesabu iliyoifanya ionekane imeshindwa.

Hoja ya pili ina uzito wa kweli, nami siwezi kuipuuza. Inasema: majaribio ya elektroni na positroni yamefanywa kwa zaidi ya miaka 20 katika nchi mbalimbali, na ni data, vitu vilivyotokea kwenye kigunduzi. Gridi ni kokotoo. Kuacha data ukachukua kokotoo ni kugeuza utaratibu wa sayansi miguu juu. Isitoshe, gridi zote zina udhaifu wa pamoja: nafasi halisi haina nukta, na lazima ukadirie jibu lingekuwa nini nukta zikikaribiana bila mwisho. Kosa katika kukadiria huko linaweza kuwa la wote. Nikiipima hoja hii, naona imeshika jambo moja na kuliacha jingine. Ni kweli data zina hadhi yake. Ila data hizi hazisemi kitu kimoja: Frascati na California zilikuwa zimeshatofautiana kabla ya 2023, na Novosibirsk ikaongeza tofauti iliyo kubwa zaidi. Kuchukua wastani wa vipimo vinavyokataana kisha kuandika kosa dogo pembeni, kama ilivyofanyika 2020, ndiko kulikotupa ile sigma tano. Uamuzi wa 2025 naona ulikuwa sahihi kwa hali iliyopo, mradi usisomwe kama hukumu ya mwisho. Shaka ya nadharia sasa ni mara nne ya shaka ya kipimo. Kipimo kimefika, nadharia bado iko njiani.

Hoja ya tatu, kwamba fedha zimepotea, nitaipita haraka. Nchi yoyote ina haki ya kuuliza inapata nini, na jaribio hili halikuwahi kuahidi dawa wala umeme. Lilichotoa ni namba ambayo kila nadharia mpya ya chembe, ya leo na ya miaka 50 ijayo, italazimika kuikubali au kufa. Nadharia nyingi zilizoandikwa kulielezea pengo la 2021 zimeshapoteza sababu ya kuwapo. Hiyo ni kazi imefanyika.

Inabaki hoja ya nne, iliyomfikia yule kijana: sasa Modeli Sanifu imekamilika. Hapa ndipo mvutano, yaani graviti, unapoingia, kwa sababu Modeli Sanifu haina mvutano kabisa. Inaeleza umeme na usumaku na kani mbili za nyuklia. Ile inayokuangusha kitandani haimo. Kati ya protoni mbili, msukumano wa umeme ni mkubwa kuliko mvutano kwa namba 1 ikifuatiwa na sifuri 36, kwa hiyo katika pete ya Fermilab mvutano unaweza kuachwa nje bila kuharibu tarakimu hata moja. Wapo waliojaribu kuuingiza. Mwaka 2018 wanafizikia watatu wa Japan walidai kwamba pengo la muoni linatokana na mvutano wa dunia kupinda nafasi na muda ndani ya maabara. Wenzao waliwajibu ndani ya siku chache: ukihesabu kina cha mvutano wa dunia, yaani nishati inayohitajika kuutoroka, kwa namna hiyo, lazima uhesabu na wa jua, ulio mkubwa zaidi mahali hapa tulipo, na wa galaksi nzima, mkubwa kuliko yote, na utapata majibu yasiyowezekana. Kanuni ya Einstein inasema maabara ndogo haiwezi kuhisi kina hicho kwa kupima vitu vilivyomo ndani yake. Dai likafa, lakini swali lililolizaa ni halali. Nadharia mbili bora tulizonazo, ya chembe na ya mvutano, zinafanya kazi kila moja kwenye uwanja wake, na hakuna jaribio lililofanikiwa kuzikutanisha. Ongeza maada giza, inayozidi maada ya kawaida mara tano ulimwenguni na haimo kwenye orodha ya chembe zetu, na uzito wa nyutrino, chembe nyepesi mno zisizo na chaji, ambao Modeli Sanifu katika sura yake ya asili iliuweka sifuri hadi jaribio la Japan lilipoonyesha vinginevyo mwaka 1998. Kujiridhisha na muoni na kusema kazi imekwisha ni kuyasahau haya yote kwa sababu ya namba moja.

Historia ya mvutano yenyewe inatufundisha kusoma mapengo kwa subira. Sayari ya Uranus ilipoacha njia iliyotabiriwa, Urbain Le Verrier alikokotoa kwamba kuna sayari nyingine inayoivuta, na Septemba 1846 Neptune ikaonekana Berlin karibu kabisa na alipoelekeza. Utaratibu uleule alipoutumia kwa sayari ya Zebaki (Mercury), ambayo njia yake ilizidi kugeuka kwa sekunde 43 za nyuzi kila karne, alitabiri sayari ya Vulcan, ambayo haipo. Huko ilibidi sheria ya Newton yenyewe ibadilike, kazi aliyoimaliza Einstein mwaka 1915. Na kuna aina ya tatu ambayo haisimuliwi sana. Vyombo vya Pioneer 10 na Pioneer 11, vilivyorushwa 1972 na 1973, vilipungua mwendo kidogo zaidi ya hesabu ilivyotaka, na kwa miaka mingi watu makini walipendekeza kwamba mvutano unabadilika mbali na jua. Mwaka 2012 uchambuzi wa joto la vyombo hivyo ulionyesha kwamba mitambo yao ya umeme ilikuwa ikitoa joto upande mmoja zaidi ya mwingine, na msukumo huo mdogo ulitosha. Hakukuwa na sayari mpya wala sheria mpya. Tulikuwa hatujakihesabu kitu kilichokuwamo tayari. Kama ningelazimishwa kuchagua leo, ningeiweka muoni kwenye kundi hili la tatu. Lakini sijalazimishwa, na data hazijaniruhusu.

Matokeo ya hali hii ni makubwa kuliko muoni. Kama gridi iko sahihi, basi vipimo vya zamani vya pioni vina kosa ambalo hakuna aliyelipata, na vipimo hivyohivyo hutumika kukokotoa jinsi nguvu ya umeme inavyobadilika kadiri nishati inavyopanda. Namba hiyo nayo inaingia kwenye hesabu zinazolinganisha uzito wa chembe za W, Z na Higgs. Ukivuta uzi upande wa muoni, nguo inajikunja upande mwingine. Kama gridi imekosea, pengo la muoni linarudi, likiwa na kipimo imara zaidi nyuma yake. Hakuna jibu kati ya haya mawili linaloiacha fizikia mahali ilipokuwa.

Ndiyo sababu macho yanapaswa kuhama kutoka Fermilab, iliyokusanya data yake ya mwisho Julai 2023, kwenda kwa wanaofanya kazi isiyo na kishindo. Wachambuzi wa data za Frascati na California wanazipitia upya. Huko CERN kuna pendekezo la MUonE, linalotaka kupiga elektroni kwa miale ya muoni na kusoma mchango wa kwaki bila kuzaa pioni hata moja, hivyo kuwa shahidi wa tatu asiyefungamana na hao wawili. Nchini Japan, kituo cha J-PARC kinaandaa kuipima muoni yenyewe kwa njia nyingine kabisa: miale iliyopozwa kwanza, sumaku ya tesla 3, na mzingo wenye kipenyo cha sentimita 66 badala ya mita 14. Pete hiyo ndogo ikipata 0.0011659207, kipimo kitakuwa kimethibitishwa na watu wasiotumia kifaa hata kimoja cha wale wa kwanza, na deni lote litabaki kwa wananadharia.